Kijiji cha Masyaf kwenye gemu ya Assassin's Creed: kilikuwepo kweli au kimebuniwa?

Mwenye Kibanda (Mikindani) ameuliza:

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote. Nina kibanda kidogo cha gemu hapa Mikindani chenye runinga mbili na mashine mbili za zamani, na moja kati ya hizo ni PlayStation 3 ambayo nimeifungua kuipuliza vumbi mara nyingi kiasi kwamba skrubu zake zimebaki mbili. Wateja wangu karibu wote hutaka mpira. Hata hivyo, tangu likizo ianze, kuna kijana mmoja wa kidato cha tatu ambaye amejikita kwenye Assassin's Creed ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2007, na kwa kuwa gemu hiyo huchezwa na mtu mmoja huku wenzake wakisubiri zamu, kibanda kizima kimekuwa baraza la kumwelekeza apande wapi, aruke lini na amkwepe mlinzi yupi.

Kwa asiyeijua, mchezo huo unamfuata muuaji wa siri aitwaye Altaïr katika nchi ya Sham mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba, na maskani ya kundi lake ni kijiji cha mlimani kiitwacho Masyaf. Farasi huachwa nje ya lango la chini. Kutoka hapo njia ya vumbi inapanda ikijipinda kati ya nyumba za mawe na vibanda vya wachuuzi, mpaka kwenye ngome iliyokaa juu ya jabali lenye genge refu. Mwanzoni mwa hadithi Watempla, yaani mashujaa watawa wa Kikristo waliopigana vita hivyo, wanakivamia kijiji, wanakijiji wanakimbilia juu, na Altaïr pamoja na wenzake wawili wanajitupa kutoka kwenye boriti za mbao zilizochomoza nje ya ukuta ili kumwonyesha adui kwamba hawaogopi kufa. Wanaangukia marundo ya nyasi kavu, mmoja anavunjika mguu, na Altaïr anapanda tena kwa siri kwenda kuwafyatulia maadui mtego wa magogo. Watoto wa hapa wameirudia sehemu hiyo hadi wameikariri, ingawa kinachowachekesha kuliko vyote ni kwamba mtu huyo anayekwea minara kama kima hawezi kuogelea kabisa na akiangukia majini amekufa. Kwa mtoto wa Mikindani hilo halisameheki.

Swali langu linatokana na kijana huyo, ambaye juzi aliweka padi chini akaniuliza, "Mjomba, hiki kijiji kipo?" Anataka kukitaja katika mdahalo wa somo la historia shule zikifunguliwa. Nilimjibu kwamba gemu yenyewe inatangaza mwanzoni kuwa ni hadithi ya kubuni iliyopata mwamko kutoka kwenye matukio na watu wa historia, lakini jibu hilo halikumtosha wala halikunitosha mimi. Nimetazama picha za Masyaf iliyoko Syria leo, nikaona mji wa kawaida na ngome iliyokaa juu ya mwamba usio mrefu sana, wala sikuona lile genge la kutisha. Je, milima ile imetoka wapi? Na kwa kuwa sijaona katika kijiji kile shamba ambalo lingeweza kulisha watu wote wale, walikuwa wakiishi kwa kula nini?

Mtembeza Wageni (Kilwa Masoko) amejibu:

Ndugu Mwenye Kibanda, wa alaykum salaam. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika magofu ya Kilwa Kisiwani, na swali kama la kijana wako hulipata mara kwa mara kwa sura nyingine: mgeni amesoma mahali kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji, basi akishuka kwenye mashua anatarajia kuukuta mji mzima umesimama unamsubiri. Nikimfikisha Husuni Kubwa, ukingoni mwa jabali juu ya bahari, anauliza ni kipi kati ya anavyoviona kilichokuwepo na ni kipi ambacho mimi namwongezea kwa maneno. Ni swali halali, na nimejifunza kulijibu kipande kwa kipande.

Tuanze na jina, kwa maana jina ni la kweli. Masyaf iko magharibi mwa Hama nchini Syria, chini ya miteremko ya mashariki ya milima inayoambaa na pwani. Ngome yake ilitwaliwa na Waismailia wa Nizari, tawi la Waislamu wa Shia, karibu na mwaka 1140, ikawa mojawapo ya ngome zao kadhaa katika milima hiyo, pamoja na Qadmus na al-Kahf. Kiongozi wao katika kipindi ambacho gemu inakisimulia alikuwa Rashid al-Din Sinan, ambaye watu wa Msalaba walimwita Mzee wa Mlimani, na yule mwalimu mwenye ndevu nyeupe anayempa Altaïr amri ameundwa kutokana na yeye. Salahuddin Ayyubi aliizingira Masyaf mwaka 1176 kisha akaondoka baada ya muda mfupi, na watu wakatunga hadithi ya jambia lililokutwa karibu na kitanda chake kueleza kwa nini aliondoka. Wamongolia walifika mwaka 1260, na miaka kumi baadaye ngome ikawa mikononi mwa Sultani Baybars wa Misri. Hayo kijana anaweza kuyasema mdahaloni bila wasiwasi.

Milima ni habari nyingine. Umeona sawasawa kwamba mwamba wa Masyaf si mrefu. Ngome hiyo inavutia, lakini mtu akijitupa kutoka ukutani hawezi kupata muda wa kutanua mikono kama mwewe. Genge lile, upweke ule na ukungu ule ni wa Alamut, ngome ya Waismailia haohao katika milima ya Alborz kaskazini mwa Uajemi, ambayo Hassan-i Sabbah aliitwaa mwaka 1090 na ambayo Wamongolia waliipata mwaka 1256. Watengenezaji wa gemu hawakuficha kwamba walivutiwa na riwaya ya mwandishi wa Slovenia, Vladimir Bartol, iliyochapishwa mwaka 1938, na riwaya hiyo inaitwa Alamut. Kwa hiyo walilichukua jina la Sham kwa sababu huko ndiko walikokuwa Salahuddin na Mfalme Richard wa Uingereza, wakalipachika juu ya mlima wa Uajemi.

Kuruka nako kuna asili yake. Inasimuliwa kwamba Henry wa Champagne, aliyekuwa akiutawala ufalme wa Yerusalemu baada ya mwaka 1192, alikwenda kumtembelea mrithi wa Sinan, na mwenyeji wake, ili kumwonyesha utii wa vijana wake, akawapa ishara wawili waliokuwa juu ya mnara nao wakajitupa hadi kufa. Hakukuwa na nyasi chini. Simulizi hiyo huwekwa al-Kahf, si Masyaf, na wanahistoria wengi huitilia shaka. Lisilo na shaka ni kwamba Henry mwenyewe alikufa mwaka 1197 kwa kuanguka kutoka dirishani huko Akka.

Halafu ipo bustani iliyo nyuma ya ngome, yenye maua na wanawake, ambamo mwishoni kabisa Altaïr anapambana na mwalimu wake mwenyewe. Hiyo ni bustani ya Marco Polo, aliyesimulia kwamba Mzee wa Mlimani aliwalevya vijana na kuwaamshia humo ili wadhani wameiona pepo. Aliisimulia kuhusu Uajemi, na Alamut ilipoanguka Marco Polo alikuwa mtoto wa miaka miwili hivi. Sasa ukivijumlisha vipande hivyo vyote unapata kijiji cha gemu: jina la Masyaf, mlima wa Alamut, mruko wa al-Kahf na bustani ya msafiri ambaye hakuiona.

Binti wa Newala amejibu:

Kaka Mtembeza Wageni ameeleza vizuri, ila swali la mwisho la Mwenye Kibanda limerukwa, na kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito. Mtu aliyekulia Newala hawezi kutazama kijiji kilichokaa ukingoni mwa mteremko bila kuuliza maji yanatoka wapi.

Sisi tuko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde lote chini yako, na ng'ambo ya Ruvuma unaiona Msumbiji. Wageni hupiga picha na kusema kwamba mandhari ni mazuri, nayo ni mazuri kweli. Lakini wazee wetu hawakuja kukaa juu huku kwa ajili ya mandhari. Walikuja kwa sababu kichaka kilikuwa kizito na adui, awe Mngoni au mteka watumwa, alipata taabu kupanda. Gharama ya usalama huo ilikuwa maji, kwa maana mchanga wa juu huinywa mvua yote na chemchemi hutokea chini kwenye miteremko. Bibi yangu alikuwa akiteremka kabla ya alfajiri, kata kichwani na mtungi mkononi, akirudi jua limeshachomoza. Na alikuwa akisema kwamba njia ya kwenda ni ya hadithi na njia ya kurudi ni ya kimya, kwa sababu pumzi yote huishia shingoni. Hata baada ya maji kuanza kusukumwa kwa mashine kutoka bondeni, pampu ikiharibika tulirudi kuhesabu madumu.

Sasa rudi kwenye gemu. Katika mitaa ya miji ile mikubwa, Dameski na mingineyo, wapo watu wanaopita na mitungi kichwani, na nakumbuka kaka yangu akilalamika kwamba ukiwagonga mzigo unaanguka na walinzi wanakugeukia. Nilichogundua ni kwamba mitungi ile imewekwa kwa ajili ya mchezaji, yaani ni vizuizi vya njiani kama vile vibanda na ngazi. Hakuna hata mmoja unaotoka kisimani kwenda jikoni. Mtungi wa bibi yangu ulikuwa na safari yenye mwanzo na mwisho, na mtu aliyeugonga alikuwa amewanyima chakula cha jioni watu saba.

Waismailia wa kweli walilijua jambo hili vizuri kuliko waliobuni kijiji chao. Alamut isingedumu zaidi ya miaka 160 mikononi mwao kwa kurukia nyasi. Hassan-i Sabbah alichimba mifereji, akaendeleza kilimo cha bonde lililo chini ya ngome, na ndani ya mwamba wenyewe yakachongwa matangi ya maji na maghala ya chakula. Ngome ya mlimani huanguka kwa kiu kabla haijaanguka kwa upanga. Ningekuwa mimi ndiye mbunifu wa Masyaf ile, misheni ya kwanza ingekuwa kulinda njia ya maji.

Fundi Ramani (Mtwara mjini) amejibu:

Dada yangu, naomba niitetee gemu kidogo, kwa kuwa najifunza kuchora majengo kwa kompyuta na najua jinsi kazi hiyo inavyobana. Kila nyumba, kila mbuzi na kila shamba unaloliongeza linakula nafasi ya mashine, na mashine za mwaka 2007 hazikuwa na nafasi ya kuchezea. Mbunifu hulazimika kuchagua, na kijiji cha Masyaf kimechaguliwa kuwa darasa. Mteremko wake unamfanya mchezaji aione ngome muda wote, hivyo hapotei. Njia inayojipinda inamlazimisha apite kati ya watu na ajifunze kutembea bila kuwasukuma. Kuta zake zina matofali yaliyochomoza mahali ambapo mkono unahitaji kushika. Kisha, kila mara Altaïr anapotumwa kumwua mmojawapo wa wale watu tisa, safari huanzia hapo. Ukiweka mashamba ya ngano kati ya lango na ngome, utakuwa umeongeza dakika tano za kutembea ambazo kila mteja wa Mwenye Kibanda atazilipia kwa pesa yake na kuzilaani.

Nakubali kwamba mlima umeazimwa. Lakini nauliza, kwani kuna ubaya gani kuuazima ikiwa onyo limewekwa mwanzoni?

Binti wa Newala amejibu:

Ubaya sijausema, mdogo wangu. Nimesema kiu.

Mzee wa Bandarini (Lindi) amejibu:

Wanangu, nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na nina jambo moja ambalo nadhani lina uzito kuliko mlima na maji, nalo ni watu wenyewe.

Huyo kijana wa kidato cha tatu huenda hajui kwamba watu wa Masyaf na Alamut hawakutoweka. Waismailia wa Nizari ni jumuiya iliyo hai, na hapa kwetu tumewaita Makhoja kwa miaka mingi. Walifungua maduka katika miji ya pwani hii tangu kabla ya babu zetu, na watoto wa Kitanzania wa dini zote wamesoma katika shule za Aga Khan na kutibiwa katika hospitali zake. Imamu wao wa 48, Aga Khan wa Tatu, ndiye aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, na mpaka leo ukumbi wa Diamond Jubilee unalikumbuka jambo hilo kwa jina. Mjukuu wake Karim alifariki Februari 2025 na mwanawe Rahim akawa Imamu wa 50. Uimamu huo ndio ambao ngome za Alamut na Masyaf zilikuwa zikiutetea, na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ndio uliokuja kugharimia ukarabati wa ngome ya Masyaf katika miaka ya 2000.

Katika gemu hutaona lolote kati ya hayo. Kundi la Altaïr halina dini; lina falsafa kwamba hakuna lililo kweli na kila kitu kinaruhusiwa, kauli ambayo Mwislamu wa madhehebu yoyote ya karne ya 12 asingeithubutu. Hata jina la kundi ni la adui: waliitwa hashishi kwa dharau, watu wa Ulaya wakaligeuza neno hilo kuwa neno la muuaji katika lugha zao, na hadithi ya bangi ikafuata nyuma ya jina, ilhali vitabu vya Waismailia wenyewe havina habari hiyo. Sikatai kwamba waliua. Conrad wa Montferrat aliuawa mjini Tiro mwezi Aprili 1192 na vijana wawili wa Sinan. Lakini walikuwa jumuiya ndogo iliyozungukwa na majeshi makubwa, na kumwondoa mtu mmoja kwa jambia kulikuwa njia ya kuepuka vita ambavyo wasingevishinda.

Kuhusu Watempla, hapa ndipo mwanangu wa Mikindani atawashangaza wenzake. Gemu nzima imesimama juu ya uadui wa milele kati ya pande hizo mbili, na Robert de Sablé, ambaye kweli alikuwa mkuu wa Watempla mwaka 1191, ndiye adui mkubwa. Katika historia, Waismailia wa Sham walikuwa wakiwalipa Watempla kodi ya kila mwaka, na mjumbe wa Sinan aliyekwenda kwa mfalme wa Yerusalemu mwaka 1173 kutafuta maelewano aliuawa njiani na Watempla, ambao inasemekana waliogopa kuikosa kodi hiyo. Kwa hiyo uadui ulikuwepo, ila ulikuwa wa mdai na mdaiwa.

Mtembeza Wageni (Kilwa Masoko) amejibu:

Shikamoo mzee. Hilo la kodi nilikuwa nimelisahau, na sasa nauona uvamizi wa kijiji mwanzoni mwa gemu kwa jicho jingine kabisa: Watempla wanaochoma nyumba za Masyaf wangekuwa wanachoma ghala la mtu anayewalipa. Hata Wareno walipoingia Kilwa mwaka 1505 walianza na madai ya kodi isiyolipwa, kisha ndipo wakapora mji. Fundi Ramani naye ana haki katika suala la dakika tano za kutembea, kwani hata mimi wageni wangu wakichoka na jua nawapitisha njia fupi na kuacha visima.

Mwenye Kibanda (Mikindani) amejibu:

Nawashukuru nyote, mzee wangu wa Lindi shikamoo sana. Umeme ulikatika jana tangu saa kumi, kwa hiyo tulikaa nje kwenye benchi nami nikamsomea kijana majibu yenu yote kutoka kwenye simu, wenzake wakiwa wamemzunguka. Aliandika katika daftari lake kwamba ngome ni ya kweli, kijiji kimeshonwa kwa vipande vya mahali pengine, na Watempla walikuwa wakipokea kodi. Sentensi hiyo ya tatu aliipigia mstari mara mbili, nadhani kwa sababu anamjua atakayembishia. Alipofika kwenye mtungi wa bibi wa Newala aliniomba nirudie, kisha akasema kwamba kesho ataingia Dameski na kutembea mtaa mzima bila kumgonga mtu hata mmoja. Leo amejaribu. Ameshindwa mara nne, kwa sababu wenzake wanamsukuma kiwiko makusudi.

Nina malalamiko yake mamoja tu ya kuyafikisha. Alikuwa hajaifika bustani. Alikuwa bado anamwamini yule mwalimu mwenye ndevu nyeupe, na amenituma nimwambie mtembeza wageni wa Kilwa, kwa heshima zote, kwamba amemmalizia gemu.